Kibati Namba Saba

Mwalimu alikuwa amelala chali ndani ya birika kavu, mguu mmoja umekunjika chini ya mwingine, kiatu cha kulia kimechomoka. Miwani ilikuwa bado usoni, vioo vizima. Jambo hilo lilimuudhi Koplo kwa sababu alizozijua mwenyewe.

Birika lilikuwa la zege, kina chake mita tatu na ushee. Enzi za kiwanda lilijazwa maji ya chumvi yaliyopozwa kwa gesi ya amonia, na humo ndimo vilimogandishwa vitalu vya barafu kwa ajili ya maboti ya samaki. Sasa juu yake lilikatiza daraja jembamba la mbao la kupitisha wageni. Upande mmoja wa daraja ulikuwa na reli. Upande wa pili ulikuwa unamngoja fundi chuma.

"Ajali," alisema Koplo. "Amekanyaga hewa, kaenda chini. Afande, hii tunaimaliza kabla ya chai."

Inspekta alikuwa bado anaitazama ile miwani. Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini kasoro, mnene kiasi, na kituoni walimwita Polepole. Waliompa jina hilo walidhani wanamkejeli. Yeye alilipokea kama cheo. Alizunguka birika mara mbili, akachuchumaa kwa taabu, akainuka.

"Miwani ya kusomea," alisema. "Nani anatembea gizani na miwani ya kusomea?"

"Taa zipo, Afande."

"Basi alikuwa anasoma nini? Mikono mitupu, mifuko mitupu, sakafu tupu."

Mifuko haikuwa mitupu kabisa. Ndani ya mfuko wa shati, fundi wa alama za vidole alikuta kikaratasi cha studio ya picha, kimekunjwa mara nne. Inspekta alikitia kwenye bahasha ya vielelezo, akaenda kumtafuta aliyeukuta mwili.

Jengo lenyewe lilikuwa na hadithi yake. Kiwanda cha barafu kilikuwa kimekaa kando ya ziwa bila kazi karibu miaka thelathini, popo wakifanya watakavyo. Walipokuja watu wa kubomoa, mtaa mzima ulipiga kelele, na baada ya vikao visivyo na idadi ikakubaliwa kiwe kituo cha urithi na jamii. Ghala la barafu likawa ukumbi. Ofisi za juu zikawa maktaba na chumba cha ushonaji. Chumba cha mashine kiliachwa kama kilivyokuwa, kompresa, mabomba, birika na yote, kiwe cha maonyesho, na Mwalimu ndiye aliyekuwa anayaandaa. Ufunguzi ulikuwa Jumamosi, na leo ilikuwa Jumanne.

Mratibu wa kituo alikuwa amekaa maktabani katikati ya masanduku ya vitabu. Alikuwa na miaka thelathini na minne, kilemba kimelegea, macho mekundu. Yeye ndiye aliyefungua mlango wa chumba cha mashine saa moja na nusu asubuhi, na yeye ndiye aliyepiga simu.

"Pole, mdogo wangu," alisema Inspekta, akavuta kiti. "Jana nani alifunga chumba kile?"

"Mimi. Saa kumi na mbili jioni."

"Uliingia ndani?"

"Hapana. Niliangalia ubao. Namba zote nyeupe. Nikavuta mlango, nikatia kufuli."

"Ubao gani?"

Mratibu alimtazama kama mtu anayeulizwa jua ni nini. Akainuka, akamwongoza.

Ubao ulikuwa ukutani, nje ya mlango wa chuma wa chumba cha mashine, kwenye usawa wa kifua. Misumari kumi na miwili, na kwenye kila msumari kibati cha duara chenye namba, upande mmoja cheupe, upande wa pili chekundu. Ulikuwa utaratibu wa kiwanda tangu siku ya kwanza: kila mfanyakazi na namba yake. Ukiingia, unageuza kibati chako kiwe chekundu. Ukitoka, unakirudisha cheupe. Mlango haufungwi hata kibati kimoja kikiwa chekundu, kwa sababu ndani kuna gesi na ndani kuna mtu.

"Mwalimu ndiye aliyeurudisha utaratibu huu," alisema Mratibu. "Alisema maonyesho bila nidhamu ni mapambo. Mafundi wajenzi, wageni, sisi, kila mtu na kibati. Yeye alikuwa namba kumi na mbili."

Namba kumi na mbili ilikuwa nyeupe.

"Labda alisahau kuigeuza alipoingia," alisema Koplo.

"Mwalimu?" Mratibu karibu acheke, na kicheko kikamgeukia kilio. "Mwezi uliopita alinitoa nje mimi, mbele ya wafadhili, kwa kusahau. Akaniambia nirudi niingie kama mtu aliyesoma."

Inspekta alikitazama kibati kwa muda. Mwalimu alikuwa amelala kule ndani, hajatoka popote, na ubao ulikuwa unasema ametoka.

"Mligombana lini mara ya mwisho, wewe na yeye?"

Mratibu alishtuka. "Nani kakwambia tuligombana?"

"Wewe, sasa hivi."

Ikabidi aseme. Kwenye ukuta wa maonyesho kulikuwa na bango la ajali kubwa ya miaka thelathini na moja iliyopita, siku bomba la amonia lilipopasuka. Bango lilieleza kuwa kiongozi wa zamu alifunga mlango kwa wakati, akaokoa wenzake kumi na mtaa mzima wa nyuma ya kiwanda. Halafu likaeleza kuwa mfanyakazi mmoja, akiwa amelewa, alijipenyeza kwa tundu la kutolea barafu bila kugeuza kibati chake, akafa ndani.

"Huyo mlevi ni baba yangu," alisema Mratibu. "Namba saba. Nilikuwa na miaka mitatu. Mama alinyimwa kiinua mgongo kwa ajili ya ulevi huo. Shuleni niliitwa Chupa mpaka darasa la saba. Halafu Mwalimu anataka nilibandike ukutani kwa mikono yangu? Nilimfokea, ndiyo. Wiki iliyopita."

"Akasemaje?"

"Akasema, nipe mpaka Alhamisi."

"Kwa nini Alhamisi?"

"Sijui, dada. Wallahi sijui."

Inspekta aliandika neno Alhamisi, akalipigia mstari.

Babu Barafu alikuwa amesimama kwenye korido, kofia mkononi. Alikuwa mzee mwembamba, amepiga pasi mpaka soksi, na alikohoa kikohozi kikavu cha mtu aliyewahi kuvuta gesi. Ndiye kiongozi wa zamu aliyesifiwa kwenye bango. Sasa alikuwa mwongoza wageni, na ukumbi mkubwa ungepewa jina lake Jumamosi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Mmemfunika? Kule chini kuna baridi."

"Tumemfunika. Jana uliondoka saa ngapi?"

"Saa tisa. Kifua kilinibana."

"Mwalimu ulimwacha wapi?"

"Maktabani. Na makaratasi yake."

"Siku ile ya gesi, ni wewe uliyefunga mlango?"

"Ni mimi." Alishusha sauti, akamtupia jicho Mratibu aliyesimama mbali nao. "Niliangalia ubao, namba zote nyeupe, nikafunga. Ningejuaje kwamba rafiki yangu kapita kwa tundu? Yule binti nimemlea mimi. Ada, sare, mpaka chuo. Ananiita baba mdogo. Mambo ya bango nilimwambia Mwalimu ayaache, yanamuumiza mtoto."

Wakati huo Koplo alitoka chumba cha mashine akipangusa vumbi, akawapita. Alipoingia alikuwa amepewa kibati namba tatu, na alipotoka hakukikumbuka. Babu Barafu, bila kukatiza maneno yake, bila hata kugeuza shingo, alinyoosha mkono akakipindua kibati kikawa cheupe.

Inspekta aliona. Akaomba maji ya kunywa.

Daktari wa maiti alikuwa mtu wa maneno machache, na alasiri ile aliyatumia yote.

"Pigo liko kisogoni. Ameanguka kinyumenyume. Mtu anayetembea akakanyaga hewa huanguka kifudifudi au kwa ubavu. Huyu alikuwa amesimama akimtazama mtu."

"Alisukumwa?"

"Ana michubuko miwili kifuani, chini ya mitulinga. Kulia na kushoto, sawasawa. Hiyo ni mikono."

"Saa ngapi?"

"Alianguka kati ya saa kumi na saa kumi na moja jioni. Kufa ni jambo jingine."

Inspekta aliacha kuandika. "Jambo lipi?"

"Hakufa pale pale. Damu ilivuja taratibu ndani ya fuvu. Ilichukua saa mbili, labda tatu. Alikuwa hajitambui, lakini alikuwa anapumua."

"Kwa hiyo saa kumi na mbili..."

"Alikuwa hai. Kama mtu angemwona saa kumi na mbili, hospitali iko dakika kumi. Siwezi kukuapia, lakini ningeweka matumaini."

Inspekta alikaa garini muda mrefu kabla ya kumwambia Koplo awashe. Alimfikiria yule binti, kilemba kimelegea, akivuta mlango na kutia kufuli kwa sababu ubao ulimwambia hakuna mtu. Habari hiyo ingembidi mtu amfikishie, na Inspekta alijua mtu huyo ni nani.

"Afande, tunakwenda wapi?"

"Kwa mkandarasi. Polepole."

Mkandarasi alikuwa jitu la mtu, mabega mapana kama mlango, na alianza kujitetea kabla ya salamu.

"Reli si kosa langu. Fundi chuma ameniangusha."

"Sijakuuliza reli. Jana jioni ulikuwa wapi?"

"Nyumbani."

"Saa kumi?"

"Nyumbani."

"Mlinzi wa geti ameandika gari lako limetoka saa kumi na nusu."

Mkandarasi alikaa chini. Kiti kililalamika. "Nilipeleka mbao. Niliogopa mtasema nilijua daraja halina reli na bado nikaacha mtu ndani."

"Ulijuaje kuna mtu ndani?"

"Kibati. Kumi na mbili ilikuwa nyekundu, nyingine sikuzitazama. Mafundi wangu hawaingii Mwalimu akiwa ndani, alitutisha sana. Nikaziacha mbao mlangoni."

"Saa ngapi?"

"Kumi na robo."

"Una hakika kilikuwa chekundu?"

"Kama damu, Afande. Samahani. Chekundu, ndiyo."

"Ulisikia kitu?"

"Mwalimu alikuwa anaongea na mtu. Yule mtu hakusikika, au alinyamaza. Mwalimu alisema, 'Lazima ajue. Alhamisi nitamwambia mwenyewe.' Basi. Nikaondoka zangu."

Njiani Koplo alihesabu kwa vidole. "Saa kumi na robo chekundu. Saa kumi na mbili cheupe. Mwalimu yuko chini, hajitambui. Basi aliyemsukuma ndiye aliyekigeuza. Lakini kwa nini? Angekiacha, tungesema ajali. Mimi nilishasema ajali!"

"Ulisema kabla ya chai."

"Afande, nisamehe."

"Mwizi wa kawaida angekimbia. Mkandarasi angekimbia na mbao zake. Nani anamsukuma mtu shimoni, halafu anasimama mlangoni kumtoa kwa utaratibu?"

Koplo alifikiri. "Mtu ambaye mkono wake umezoea."

"Wako wawili katika jengo lile, mzee na yule binti. Na Mwalimu alimwambia huyo wa ndani kwamba kuna mwingine lazima ajue."

Studio ya picha ilikuwa chumba kimoja chenye pazia, na mpiga picha alivaa miwani mbili, moja machoni na nyingine kipajini. Alikipokea kikaratasi, akakikagua, akaingia nyuma ya pazia. Akarudi na picha kubwa kama trei.

"Ya Mwalimu. Alisema ataichukua Alhamisi. Ile ndogo nilimrudishia jana asubuhi ndani ya bahasha ya kaki."

"Ndogo aliitoa wapi?"

"Kwenye masanduku ya kampuni ya bima. Walikuwa wanatupa makaratasi ya zamani, akaenda kuyapekua. Aliipiga mtu wa bima, siku ile ile ya gesi, saa mbili baada ya mlango kufungwa. Nyuma imeandikwa."

Inspekta aliishika picha kwa ncha za vidole. Ilikuwa ya rangi, rangi zimepauka, lakini mlango wa chuma ulionekana vizuri, komeo lake limetiwa kwa nje. Pembeni ya mlango ulikuwepo ubao. Vibati kumi na kimoja vilikuwa vyeupe. Cha saba kilikuwa chekundu.

Hakuna mlevi anayejipenyeza kwa tundu akaanza kwanza kwenda mlangoni kugeuza kibati. Namba saba aliingia kazini kama mtu mwenye akili zake. Na mtu fulani alimfungia ndani, kisha kabla ya tume ya uchunguzi kuja, akapita pale ubaoni akamtoa.

"Imekuwaje, Afande?" Koplo aliuliza.

"Watu wawili wamekufa ndani ya chumba kile," alisema Inspekta, "na ubao unasema wote wawili walishatoka."

Jumatano saa nne asubuhi Inspekta aliwaita Mratibu na mzee kwenye chumba cha mashine. Mwili ulikuwa umeondolewa. Mwanga wa ziwani uliingia kwa madirisha ya juu, ukatua kwenye kompresa iliyopakwa rangi upya. Koplo alisimama mlangoni. Babu Barafu alikuwa amekaa kwenye benchi la wageni, Mratibu kando yake, na alikuwa amemshika mzee mkono.

Inspekta hakuipenda kazi iliyokuwa mbele yake. Hakuwa na alama ya kidole ya maana, kwani mzee alivigusa vibati vyote kila siku ya Mungu. Bahasha ya kaki haikuonekana. Alichokuwa nacho ni picha, tabia ya mkono, na upendo wa mzee kwa binti aliyemlea. Ilibidi auchokonoe huo upendo.

"Kuna jambo sijakwambia," alimwambia Mratibu. "Jumatatu saa kumi na mbili, ulipofunga mlango, Mwalimu alikuwa hai."

Mratibu hakuelewa. Kisha akaelewa. Mkono wake ulimtoka mzee ukaenda mdomoni.

"Nilimfungia?"

"Ulimfungia."

"Ubao ulikuwa mweupe! Dada, namba zote zilikuwa nyeupe, nimekwambia!"

"Ulisema. Lakini ninavyoona mimi, mwenye ufunguo ni mmoja. Aliyegombana na Mwalimu ni mmoja. Anayejua kazi ya vibati, wako wachache." Akamgeukia Koplo. "Lete pingu."

Koplo alizitoa. Zililia kidogo katika ukimya wa chumba. Mratibu alitoa mikono yake mbele kama mtoto anayekubali viboko, hakujitetea hata kwa neno, na hilo ndilo lililomvunja mzee.

"Mwache," alisema Babu Barafu.

"Mzee?"

"Mwache mtoto. Hajafanya kitu." Alikohoa mpaka akainama. "Ni mimi niliyekigeuza."

Inspekta alimwonya kama sheria inavyotaka: halazimishwi kusema, na atakalosema litaandikwa na huenda likatumika mahakamani. Mzee alipunga mkono kama anayefukuza nzi.

"Jumatatu ulirudi?"

"Sikuondoka. Mwalimu aliniita hapa. Akanionyesha ile picha."

Inspekta aliitoa ile kubwa, akaiweka juu ya benchi. Mratibu aliinama kuitazama. Ilimchukua muda kufika kwenye ubao, kisha kidole chake kikatua juu ya namba saba, kikabaki pale.

"Chekundu," alisema. "Baba mdogo, hiki ni chekundu."

Mzee alitazama sakafu.

"Siku ya gesi, uliuona ubao?" Inspekta aliuliza.

"Niliuona."

"Kabla ya kufunga?"

"Kabla. Bomba lilipasuka, watu wakatoka mbio, kila mmoja akageuza kibati chake akipita. Nikabaki mimi na mlango na namba saba. Gesi ilikuwa inatambaa sakafuni kuja nje. Ndani sioni kitu. Nyuma yangu watu kumi wamelala wanatapika, na ng'ambo ya ukuta nyumba zimejaa. Nikafunga."

"Akagonga?"

"Usiniulize hilo mbele ya mtoto."

"Akagonga?" Safari hii aliyeuliza ni Mratibu.

"Aligonga," alisema mzee. "Niliuegemea mlango kwa mgongo mpaka akaacha."

Nje, fundi mmoja alikuwa anapiga misumari kwenye jukwaa la Jumamosi, hana habari.

"Wakaniita shujaa kabla sijanyanyuka pale chini," aliendelea. "Wakanibeba. Ningewaambiaje? Yule mtu wa bima alipoondoka, nilirudi nikakigeuza cheupe. Tume walipouliza, basi alifikaje ndani, nikasema alikuwa amekunywa, kapita kwa tundu. Neno lilitoka mara moja tu, Afande. Sikuweza kulirudisha."

"Na Mwalimu?"

"Nilimwambia aichome picha. Akakataa. Akasema lazima ajue, Alhamisi nitamwambia mwenyewe. Nikamwomba. Nimempigia magoti, mzee mzima. Nikamwambia, sina mtoto mwingine, huyu akijua nitabaki na nini? Akasema hilo ningelifikiri miaka thelathini na moja iliyopita. Nikaikamata bahasha, naye akaishika. Nikamsukuma."

"Ulishuka kumwangalia?"

"Hapana. Nilidhani amekufa. Bahasha nikaitupa ziwani. Nilipofika mlangoni nikakiona kibati chake chekundu." Alijifuta macho kwa kofia. "Kila nikifumba macho naiona ile namba nyekundu. Miaka yote hii sijaweza kupita mlangoni nikaacha kibati chekundu. Mkono ulikwenda wenyewe."

"Ungekiacha," alisema Inspekta, "saa kumi na mbili huyu binti angeingia kumwita. Angemkuta anapumua."

Mzee aliishusha kofia taratibu kutoka machoni. Alikuwa hajalifikiria hilo. Lilimwingia mbele ya macho yao, na Koplo, aliyekuwa na haraka ya kila kitu, aligeuka akatazama kompresa.

Mratibu alisimama. Hakupiga kelele.

"Mlango ningekusamehe," alisema. "Ungeniambia ulifunga mlango kwa ajili ya watu wa nyuma ya ukuta, ningelia mwaka mzima kisha ningekuja kukusamehe. Lakini pombe, baba mdogo? Baba alikuwa hanywi. Mama alikuwa anawaambia watu hanywi, wanamcheka. Amezikwa akiwa mke wa mlevi, na wewe ulishika jeneza."

"Mwanangu..."

"Na Jumatatu umenifanya nimfungie ndani mtu aliye hai. Kama ulivyofunga wewe. Mimi nitakaa na hilo mpaka lini?"

Babu Barafu alitoa mikono yake, akamwelekea Koplo. Pingu zilikuwa kubwa kwa vifundo vile vyembamba vya mikono. Walipofika mlangoni alisita mbele ya ubao kwa mazoea, akajikumbuka, akainamisha kichwa akapita. Kikohozi chake kilisikika koridoni mpaka mlango wa gari ulipofungwa.

Inspekta alibaki. Alitafuta neno la kumwambia yule binti asipate la maana, akasema pole. Mratibu aliitikia kwa kichwa, akatoka mpaka kwenye ubao. Alikishika kibati namba saba, akakigeuza kikawa chekundu. Akakishika namba kumi na mbili, nacho akakigeuza.

Koplo alirudi na utepe wa polisi na kufuli. "Afande, tufunge eneo la tukio?"

"Usifunge, kaka," alisema Mratibu, bila kugeuka. "Kuna watu ndani."

Koplo alimtazama Inspekta. Inspekta alitikisa kichwa kukataa kufuli. Wakafunga utepe mwembamba katikati ya mlango, na mlango wenyewe wakauacha wazi.